Fahamu Kaunti Yako: Waliotangulia Kwale, na Historia Isiyo na Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi huutumia msemo huu dukani au kwenye chama cha akiba. Ukitazama historia ya Kwale, utaona kwamba unaihusu ardhi, ukoo na hata haki ya mtu kuitwa Mkenya. Somo hili linaeleza waliotangulia kuishi katika kaunti hii, walivyofika, walivyoishi, na hasara iliyowapata pale kumbukumbu zao zilipobaki kinywani bila kuandikwa.

Kaunti kwa ufupi

Kwale ndiyo kaunti ya kusini kabisa katika pwani ya Kenya. Imepakana na Mombasa na Kilifi upande wa kaskazini, Taita Taveta upande wa magharibi, Tanzania upande wa kusini, na Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820. Wengi wao huishi mashambani: wavuvi na wakulima wa minazi na mikorosho kando ya bahari, wakulima wa mahindi na mihogo kwenye miinuko ya Shimba, na wafugaji katika nyika ya Kinango ambako mvua ni haba.

Jina la kaunti, kama wengi wasemavyo, limetokana na ndege kwale, yule anayekimbia vichakani badala ya kuruka. Watu walioishi hapa wanatajwa zaidi kwa majina ya kaya, mito na visiwa. Historia yao inaanza zamani kuliko jina lolote la leo.

Ushahidi ulio ardhini: vyungu vya Kwale

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Soper, alichimba karibu na mji wa Kwale akakuta vigae vya vyungu vyenye midomo iliyochongwa kwa pembe na kupambwa kwa mistari. Vipimo vilionyesha kuwa vyungu hivyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, yaani takriban miaka 1,700 hadi 1,800 iliyopita. Waliovitumia walikuwa wakulima waliojua kufua chuma.

Vyungu vya namna hiyo vilipatikana baadaye sehemu nyingine, zikiwemo Usambara na Pare nchini Tanzania. Wataalamu wakaamua kuviita vyote kwa jina la mahali vilipotambuliwa kwanza. Hivi leo, mwanafunzi wa historia popote duniani anayesoma kuhusu wakulima wa kwanza wa Afrika Mashariki hukutana na jina la Kwale katika kurasa za mwanzo. Watoto wengi wa Kwale wenyewe hawajawahi kusikia habari hiyo.

Wakulima hao hawakukuta ardhi tupu. Wawindaji na waokotaji matunda waliishi katika misitu na mapango ya pwani kwa maelfu ya miaka kabla yao. Hao hawakuacha jina, lakini ndio waliotangulia wote.

Kutoka Shungwaya hadi kaya

Ukimwuliza mzee wa Kidigo au Kiduruma asili ya watu wake, huenda akakutajia Shungwaya. Simulizi za Wamijikenda zinasema kuwa babu zao waliishi huko, kaskazini, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Somalia, wakafukuzwa na vita na Wagalla, wanaoitwa leo Waorma. Wakashuka kusini kwa makundi. Makundi hayo ndiyo tisa ya Mijikenda: Wadigo, Waduruma, Warabai, Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Waribe. Inasimuliwa kuwa Wadigo walikuwa wa kwanza kuondoka na ndio waliofika kusini zaidi. Kaya Kinondo, karibu na Diani, inahesabiwa kuwa makao yao ya awali.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya simulizi hii. Wapo wanaosema safari hiyo ilifanyika kweli katika karne ya 16. Wengine wanasema vigae vilivyochimbwa vinaonyesha kuwa watu wameishi mfululizo katika miinuko hii tangu zamani zaidi, kwa hiyo si wote waliotoka kaskazini. Hoja hizi mbili si lazima zipingane. Familia chache zinaweza kuhama zikawakuta wengine, wakaoana, na vizazi vya baadaye vikasimulia safari moja kana kwamba wote walisafiri. Simulizi za Waduruma zenyewe zinataja mchanganyiko wa namna hii: jamii iliyoundwa na watu waliotoka pande mbalimbali, wakiwemo Wamakua waliotoka kusini, upande wa Msumbiji.

Lugha nayo inatoa ushahidi wake. Chidigo, Chiduruma, Kipokomo na Kiswahili zimo katika kundi moja ambalo wanaisimu huliita Sabaki. Ndiyo sababu Mdigo na Mvumba husikilizana bila mkalimani. Ni lugha ndugu.

Maisha ndani ya kaya

Kaya ilikuwa kijiji kilichofichwa katikati ya msitu. Mtu aliingia kwa njia nyembamba zenye malango, hadi kwenye uwanja ulio wazi ambako kila ukoo ulikuwa na sehemu yake. Fingo, yaani dawa ya kinga ya kijiji, ilizikwa ardhini na mahali pake palilindwa. Baraza la wazee, ngambi, lilikata kesi, likapanga matambiko na kuamua nani apewe shamba nje ya msitu. Msitu wenyewe ulikuwa ukuta. Kukata mti ndani yake ilikuwa sawa na kubomoa boma la wote, na ndiyo maana mwiko ulikuwa mkali.

Watu walipoongezeka, na hatari ya vita ilipopungua katika karne ya 19, familia zilianza kutoka na kujenga karibu na mashamba. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimeachwa kama makao, lakini zikabaki kuwa mahali pa maziko na maombi. Kwa hiyo msitu uliozunguka ukabaki pia. Leo ukipita Diani, Muhaka, Waa, Tiwi, Kinondo au upande wa Mtswakara na Gandini kwa Waduruma, utaona visiwa vya miti mikubwa katikati ya mashamba na majengo. Hayo ni makao ya kale yaliyohifadhiwa kwa mwiko.

Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliingiza misitu ya kaya 10 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya Kinondo na kaya za Waduruma zimo. Mwaka uliofuata, mila zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu ya haraka hiyo inajulikana na kila mkaazi: wazee wanaondoka, vijana wanashughulika na mambo mengine, na bei ya ardhi ya ufuoni imepanda.

Mnazi wa huyu, ardhi ya yule

Katika mila ya Wadigo, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mali ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Waduruma walihesabu pande zote mbili, kuumeni na kukeni, na kila upande ulikuwa na mali yake. Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya mirathi ya dini ikaja na utaratibu mwingine wa baba na watoto. Kesi nyingi za urithi za wakati ule zilitokana na kukutana kwa taratibu hizi mbili.

Jambo jingine lilikuwa miti. Kwa desturi ya pwani, mtu angeweza kumiliki minazi au miembe katika ardhi ya mtu mwingine. Aliyepanda ni mwenye mti, aweze kuuweka rehani, kuuuza au kuurithisha, na ardhi ibaki ya ukoo ulioifyeka kwanza. Wenyeji walielewa mpangilio huu vizuri kwa sababu majirani na wazee walikuwa mashahidi. Haukuandikwa popote. Neno la mzee lilitosha, hadi siku ambayo halikutosha tena.

Watu wa bahari: Wavumba, Wachifundi na Wasegeju

Kusini, kando ya bahari, ulikuwepo mji wa Vumba Kuu karibu na mpaka wa leo wa Tanzania. Watawala wake waliitwa madiwani. Mji ulipodhoofika, wenyeji walihamia kisiwa cha Wasini na mji wa Vanga. Lahaja yao, Kivumba, bado inasemwa. Jirani zao ni Wachifundi wa Shimoni, Funzi na vijiji vinavyozunguka, ambao nao wana lahaja yao, Kichifundi. Wasegeju, wanaotajwa katika maandishi ya Wareno ya karne ya 16 huko Malindi, walisogea kusini na kukaa sehemu za Vanga na ng'ambo ya mpaka.

Jamii hizi za bahari na zile za kaya hazikuishi kama maadui. Watu wa bara walileta pembe, sandarusi na nafaka. Watu wa ufuoni walitoa nguo, shanga na samaki. Kulikuwa na mikataba, zawadi za kila mwaka na ndoa. Wakati wa ukame, kama ule wa miaka ya 1880 na ule wa 1898 hadi 1900, wako waliookolewa na ujirani huo. Wako pia waliowekwa rehani kwa ajili ya chakula na hawakurudi kwao.

Shimoni na Gazi

Mapango ya Shimoni yanakumbukwa na wakaazi kuwa mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kuvushwa kwa majahazi. Wengi walitoka mbali, upande wa Ziwa Nyasa na Msumbiji. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini katika ukanda huu wa pwani utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1907. Fidia ililipwa kwa mabwana waliopoteza watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa shamba. Vizazi vyao vimo miongoni mwa watu wa Kwale, na wengi hawalizungumzii jambo hilo hadharani.

Gazi nayo ilikuwa ngome ya tawi moja la Wamazrui, waliohama Mombasa baada ya kushindwa na Seyyid Said mwaka 1837. Kiongozi wake mashuhuri alikuwa Mbaruk bin Rashid. Mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake, ugomvi wa urithi wa utawala wa Takaungu uligeuka kuwa vita, na Mbaruk akaingia upande wa waasi. Waingereza waliiteka ngome yake ya Mwele, karibu na miinuko ya Shimba, Agosti mwaka huo. Mapigano yaliendelea hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na wafuasi wake kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Baada ya vita hiyo hakukuwa tena na nguvu ya wenyeji ya kusimama dhidi ya serikali mpya kusini mwa pwani. Silaha iliyofuata ilikuwa karatasi.

Mwaka 1908: daftari lilipofika

Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani aandikishe dai lake. Ardhi ambayo haikuthibitishwa kuwa ya mtu binafsi ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Fikiria hali ya ukoo wa Kidigo wakati huo. Shamba lilikuwa la ukoo, si la mtu mmoja. Mipaka ilikuwa mto, mbuyu na kaburi. Minazi ilikuwa ya watu wengine. Msitu wa kaya ulikuwa wa wote, hivyo haukuwa na mtu wa kuudai. Waliozoea maandishi, waliokuwa na hati za kadhi na uwezo wa kufika ofisini, waliandikisha. Wengi wa jamii za Mijikenda walibaki nje. Baadhi ya ardhi waliyoilima kwa vizazi ikawa ya Serikali, nyingine ikawa mashamba makubwa ya mkonge, minazi na miwa, na nyingine ikauzwa na kuuzwa tena. Mtu aliamka akaambiwa ni skwota mahali alipozikwa babu yake.

Mizizi ya migogoro mingi ya ardhi inayofikishwa leo kwa machifu na mahakamani iko hapo. Katiba ya mwaka 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuandikisha ardhi yake kwa pamoja, jambo ambalo sheria ya 1908 haikulitambua. Hata hivyo, vyombo hivi vyote huuliza swali lile lile: ushahidi uko wapi?

Waliokuja baadaye

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwale imewapa wengi jembe. Wakamba walifika nyika ya Kinango katika karne ya 19 kwa biashara na kwa kukimbia njaa, na wengine walipewa mashamba katika mpango wa makazi wa Shimba Hills kuanzia miaka ya 1950. Kiwanda cha sukari cha Ramisi na mashamba ya mkonge viliwavuta wafanyakazi kutoka pande nyingi hadi kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Miongoni mwa wafanyakazi hao walikuwa Wamakonde wa Msumbiji, walioanza kuletwa katika miaka ya 1930. Walikata miwa na mkonge, wakachonga vinyago, wakazaa na kuzika hapa. Lakini hawakuandikwa kuwa raia. Bila kitambulisho, kijana wa Kimakonde hakuweza kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu, kumiliki ardhi wala kupiga kura. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai kutambuliwa. Rais aliagiza wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba, wavuvi walioishi katika fuo hizi kwa vizazi, nao walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya.

Katika Kwale, basi, kila jamii ina hadithi ya kufika. Tofauti ya mwenyeji na mgeni ni ya muda tu, na mara nyingi ni ya karatasi.

Mkaazi afanye nini?

Katiba imezipa kaunti jukumu la utamaduni, maktaba na makavazi. Lakini kumbukumbu za ukoo ziko nyumbani. Haya yanawezekana bila gharama kubwa:

1. Mrekodi mzee kwa simu, kwa idhini yake. Uliza jina kamili, ukoo wa mama na wa baba, alikozaliwa, na waliozikwa wapi. Asipojua mwaka, muulize ulikuwa wakati wa njaa gani, vita gani au chifu gani.
2. Andika nasaba ya familia angalau vizazi vitano, upande wa mama na wa baba. Mpe nakala zaidi ya mtu mmoja.
3. Hifadhi karatasi za zamani: risiti za kodi, vipande, barua za kazi za mashambani, hati za kadhi, makubaliano ya kuuziana minazi. Zipige picha kabla mchwa hawajazifikia.
4. Orodhesha alama za kale za kijiji: makaburi, visima, misikiti ya kale, mibuyu na njia za kwenda kaya.
5. Heshimu mambo ya siri ya kaya. Si kila kitu ni cha kuandikwa wala kupigwa picha. Wazee ndio waamuzi.
6. Ukiona miti inakatwa au mawe ya mpaka yanasimikwa ndani ya kaya, wajulishe wazee wa kaya, chifu, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya mapema. Hati ikishatolewa, kuifuta huchukua miaka.
7. Hudhuria vikao vya umma kuhusu ardhi na mipango ya wadi, ukiwa na maandishi mkononi.

Maswali ya kujadili nyumbani, shuleni au barazani

1. Ukoo wako ulifika kijiji unachoishi kutoka wapi, na ni nani bado anayejua safari hiyo?
2. Kwa nini msitu wa kaya ulikuwa rahisi kupotea chini ya sheria ya 1908 kuliko shamba la mtu mmoja?
3. Katika kijiji chenu, kuna miti inayomilikiwa na mtu asiye mwenye ardhi? Makubaliano yameandikwa?
4. Wamakonde walikaa takriban miaka 80 bila kutambuliwa. Majirani wangeweza kufanya nini mapema zaidi?
5. Ni mzee gani katika kijiji chenu anayefaa kurekodiwa kwanza, na nani ataifanya kazi hiyo?

Swali la tano ndilo lisiloweza kusubiri. Vigae vya Kwale vilikaa ardhini takriban miaka 1,800 vikimngoja mchimbaji. Mzee wa miaka 90 hangoji hivyo.